Usimwambie Mama

Kwetu Tabora mvua, maembe na likizo ya Desemba huja pamoja. Watoto wanashinda nyumbani, magome ya miti yamelowa, na maembe yaliyoiva vizuri yamebaki juu kabisa, kwenye vitawi vyembamba ambako upondo haufiki. Miembe yetu ni mikongwe. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia hapa, na sehemu nyingine bado unaweza kuifuata njia ile kwa kuangalia miembe iliyobaki kandokando yake. Mwembe wa umri huo hutanda, matawi yake mazito yanaanzia chini, na mtoto wa miaka 7 anaupanda bila kusaidiwa na mtu. Kushuka ndiko kunakomshinda.

Anapodondoka hunyoosha mikono mbele. Hakuna aliyemfundisha, mwili wenyewe unaikinga sura. Uzito wote hupokelewa na viganja, ukapanda hadi kwenye kiwiko, na juu kidogo ya kiwiko mfupa wa mtoto ni mwembamba mno, kwa kuwa una vishimo viwili, mbele na nyuma, ambamo mifupa ya kigasha huingia mkono unapokunjwa na kunyooshwa. Hapo ndipo unapokatikia. Kwa watoto mvunjiko huu ndio unaoongoza katika mivunjiko yote ya kiwiko, na huwapata zaidi walio kati ya miaka 5 na 7. Mara nyingi huwa mkono wa kushoto. Wa binti yangu ulikuwa wa kulia.

Alirudi magharibi pamoja na wenzake, amejitanda khanga kama wanavyojitanda wakicheza mama na baba, akakaa mkekani tule. Mama mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa sinia. Mtoto akapeleka mkono wa kushoto kwenye ugali.

“Wewe! Mkono gani huo?” bibi yake akamkemea.

Akauondoa upesi. Akajaribu kuuinua ule wa kulia chini ya khanga, uso ukamparama, akaurudisha wa kushoto kwenye sinia, akamega tonge dogo, akalitia kinywani. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. Nimeona watoto wengi wakilia, lakini sikuwahi kumwona anayelia huku anatafuna ili mtu asijue.

Mengine niliyajua baadaye. Alipoanguka, wenzake walimwegemeza kwenye shina, wakamnawisha uso, wakafanya kikao. Mkubwa wao alikuwa wa darasa la nne. Kikao kikaamua jambo moja: usimwambie mama, atakupiga. Wakamfunga khanga ili mkono usionekane, na kwa bahati njema khanga ile ikawa tegemeo, mkono haukuning'inia. Wakakaa naye pale mpaka jua likazama, hakuna aliyerudi kucheza. Watoto wale siwalaumu. Kwa kadiri ya akili zao walimhudumia mgonjwa, na walimkinga na hatari waliyoijua wao, ambayo ni sisi.

Sijawahi kumwambia binti yangu kwamba akianguka nitamwongezea. Lakini mtoto wa mtaani kwetu halelewi na mdomo mmoja. Anasikia kwa jirani, anasikia kwa shangazi, anasikia kwa muuza vitumbua wa pale kona: “Panda, panda tu! Ukivunjika huko usije kulia kwangu.” “Ukianguka nakuongezea na zangu juu yake.” Kwa mtoto wa kike kuna na nyongeza: “Msichana mzima unapanda mti!” Mtu mzima anayasema haya kwa sababu ameogopa. Ametazama urefu wa tawi na wembamba wa shingo ya mtoto, roho imemruka, na mdomo umetoa kilichokuwa karibu. Kesho yake ameshasahau kama alisema. Mtoto hasahau. Yeye ameshapewa masharti: nyumbani kunapokelewa wazima.

Methali inasema mtoto akililia wembe mpe. Wazee walijua kuna mafunzo yasiyoingia kwa maneno, na mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Asiyepanda utotoni hajui tawi kavu linavyolia kabla ya kukatika, hajui kupima uzito wake mwenyewe, na atakuja kupanda siku moja akiwa mkubwa na mzito zaidi. Ila methali inaishia kwenye kumpa. Haisemi mtoto aliyejikata aende kwa nani. Nadhani wazee hawakuona haja ya kulisema, kwa kuwa kwao lilikuwa wazi kwamba aliyempa wembe ndiye atakayemfunga kidonda.

Tulikwenda hospitali usiku ule ule kwa bajaji, dereva akitambaa kwenye matope, mimi nimeushikilia mkono wa binti yangu juu ya khanga. Dirishani sikuulizwa ameanguka kutoka wapi, wala saa ngapi. Niliulizwa: “Mama, wewe ulikuwa wapi?”

Najua muuguzi aliyechoka anaweza kuuliza hivyo bila ubaya wowote moyoni. Baba wa mtoto alikuwa amesimama pembeni yangu na yeye hakuulizwa. Tuliache hilo, maana jambo linalonisumbua zaidi ni kazi ambayo swali lile hufanya kwa anayeulizwa. Mama akishaulizwa alikuwa wapi, anaanza kujitetea. Anaupunguza mti urefu. Anaisogeza saa mbele, isije ikaonekana alichelewa. Kwenye benchi nilimsikia mama mwenzangu akimnong'oneza mwanawe kwamba akiulizwa aseme ameanguka kitandani. Ni yale yale ya chini ya mwembe: mtoto alimficha mama, na sasa mama anamficha daktari, wakati saa ya kuanguka na urefu alioanguka ni vitu viwili ambavyo daktari anavihitaji kuliko vingi.

Halafu kuna fedha, ambayo nayo hufichisha watu. Katika hospitali za umma mtoto wa chini ya miaka 5 husamehewa gharama. Wa miaka 7 ameshatoka kwenye msamaha huo. Yaani msamaha unaishia pale pale umri wa kupanda miti unapoanzia. Asiye na bima anatafuta hela ya picha, ya nusukaputi na ya nyaya za kushikilia mfupa usiku huo huo kwa simu, kwa shemeji, kwa wenzake wa kikoba. Kila anayepigiwa naye anauliza alikuwa wapi.

Kwa nini saa ni muhimu hivyo? Mbele ya pale mfupa unapokatikia unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono kuanzia kiwiko hadi kwenye kucha, na jirani yake zinapita neva. Ncha ya mfupa ikisogea inaweza kuubana mshipa huo au kuuchana. Hata usipoguswa, mkono huvimba, na misuli ya kigasha imefunikwa na utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukizidi ndani yake, damu hukosa njia. Msuli uliokosa damu huanza kufa, na baada ya takriban saa 6 sehemu iliyokufa hairudi tena. Baadaye huwa kovu, kovu hujivuta, na vidole hukunjika kuelekea kiganjani visifunguke.

Ulemavu huo unaitwa kwa jina la Richard von Volkmann, daktari wa upasuaji wa Ujerumani. Mwaka 1881 aliandika kwamba mikono ile iliyokakamaa chanzo chake ni misuli kunyimwa damu, na akaitaja sababu waziwazi: bandeji iliyokazwa kupita kiasi. Mkono ulivunjwa na ajali, ukaharibiwa na mtu aliyetaka kuuponya. Volkmann huyo huyo alikuwa mtunzi wa hadithi za watoto. Vita vya Prussia na Ufaransa vya mwaka 1870 vilipomweka mbali na kwake, akiwa daktari wa jeshi, alikuwa akitunga ngano na kuzituma nyumbani kwa barua. Mwaka 1871 zikatoka kitabu, kwa jina lake la kalamu la Richard Leander, na Wajerumani wamezisoma vizazi kwa vizazi. Nalifikiria mara nyingi jambo hili. Baba aliyezungukwa na majeruhi anatenga muda wa kuwasemesha watoto walio mbali, na miaka 10 baadaye ndiye anayewaambia madaktari wenzake kwamba bandeji waliyoifunga wenyewe yaweza kuwa ndiyo inayomtesa mgonjwa. Napenda kuamini mambo hayo mawili yalitoka kwenye moyo mmoja.

Daktari aliyempokea binti yangu alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Hakugusa kiwiko. Akamwomba wacheze.

“Fanya jiwe.” Mtoto akakunja ngumi polepole.

“Fanya karatasi.” Akavinyoosha vidole.

“Mkasi.” Akavitenga viwili.

Kisha daktari akaunganisha kidole gumba na cha shahada, vikafanya duara. “Na hivi, unaweza?”

Akajaribu. Vidole vikakutana lakini duara halikuja. Vilikutana kwa ubapa, kama mtu anayebana karatasi, ncha zake zikakataa kukunjika. Akajaribu tena huku ameuma ulimi, akanitazama mimi, akajaribu tena. Daktari akamwambia inatosha, ameshinda, akaandika kwenye faili. Akanieleza kwamba kila umbo katika mchezo ule linapima neva yake, na ile inayokunja ncha za vidole hivyo viwili ndiyo huguswa mara nyingi mfupa unapovunjika namna hii. “Kwa kawaida hurudi yenyewe. Wiki kadhaa, hata miezi. Msimlazimishe.” Halafu akabonyeza kucha ya kidole cha kati ikapauka, akaiachia, akatazama wekundu ukirudi. Usizidi sekunde 2, akasema.

Akasimama. “Mama, umefanya vizuri kumleta usiku huu huu.”

Maneno hayo yalinifungua. Nikamweleza yote papo hapo, bila kupunguza: saa aliyoanguka kama wenzake walivyosema, muda aliokaa chini ya mti, tonge mbili tatu alizokula, kwamba bibi yake alikuwa ameshatia mafuta kiganjani aanze kuuchua mkono kabla hatujamzuia. Daktari akaandika, na kwa ajili ya zile tonge akapanga upya saa ya nusukaputi, maana mtoto aliyekula halazwi kwa dawa vivi hivi. Mtu aliyetulizwa kwa sentensi moja alitoa habari ambazo swali la dirishani lilikuwa linazifukia. Tangu siku hiyo naamini neno la kwanza kwa aliyeumia, na kwa aliyemleta, ni sehemu ya matibabu sawasawa na dawa ya maumivu.

Walimlaza, wakaurudisha mfupa mahali pake bila kupasua, wakapitisha nyaya mbili nyembamba kwenye ngozi kuushikilia, wakamfunga hogo la nusu, upande wa nyuma tu, mbele bandeji laini, uvimbe upate pa kwenda. Tukapewa maagizo. Maumivu yanatakiwa yapungue kila siku. Akilia kuliko jana, akiomba dawa kila mara, akipiga kelele ukimnyoosha vidole, ita mtu hapo hapo, usingoje raundi ya asubuhi. Wodini usiku kina mama tulikuwa tunabonyeza kucha za watoto wetu kwa mwanga wa simu.

Kitanda cha jirani alilala mvulana aliyeletwa na babu yake kutoka kijijini. Yeye alikuwa ameanguka siku kadhaa nyuma. Mganga wa mifupa alimfunga mabanzi ya mianzi, akayakaza, mkono ukavimba ndani yake, na mtoto alipolia akaambiwa mwanaume halii. Akanyamaza. Alipofika hospitali vidole vilikuwa vimeshaanza kukunjika. Babu yake hakuwa mzembe hata kidogo: alikuwa ameuza mbuzi ili waje, na usiku alikuwa halali, anampepea mjukuu wake kwa kipande cha boksi.

Sina ugomvi na waganga wa mifupa. Wapo wenye mikono mizuri, wako karibu na watu, wanakubali kulipwa kidogo kidogo, na hawamuulizi mama alikuwa wapi. Nadhani hiyo ya mwisho inawapa wagonjwa wengi kuliko tunavyotaka kukiri. Hospitali nayo inaweza kufunga plasta inayobana. Banzi wala plasta haina habari kwamba mkono umevimba. Mwenye habari ni mtoto, na akishaambiwa kulia ni aibu, habari inabaki humo humo ndani na msuli unaendelea kufa kimya. Ningekuwa na uwezo wa kuzuia sentensi moja tu isisemwe kwa mtoto wa Kitanzania aliyeumia, ingekuwa ile ya mwanaume halii. Ya pili yake ni si nilikwambia.

Si nilikwambia. Hii tunaisema hata sisi wapole. Inatoka kabla hatujaangalia damu inatoka wapi. Mtoto aliyeumia tayari anajua uliyomwambia, tena anayakumbuka neno kwa neno, ndiyo maana amekaa chini ya mti hadi magharibi. Kuna siku ya mazungumzo hayo, nayo ni baada ya mfupa kushika.

Mifupa ya watoto hushika upesi. Nyaya huondolewa baada ya wiki 3 hadi 4, wakati mtu mzima angekuwa bado na safari ndefu. Kiwiko chetu kilitoka kimekaza, hakinyooki wala hakikunjiki vizuri, na mama mkwe akaleta tena chupa yake ya mafuta. Yeye ameshawakanda wajukuu wengi na mikono yake inajua kazi, kwa hiyo haikuwa rahisi kumwambia hapana. Nilimwomba twende naye kliniki amsikie daktari mwenyewe. Daktari alimwamkia, akamweleza kwamba kiwiko cha mtoto kikichuliwa au kikivutwa kwa nguvu, misuli iliyojeruhiwa inaweza kuota mfupa ndani yake, na kikawa kibaya kuliko mwanzo. “Sasa tumfanyie nini, mwanangu?” bibi akauliza. “Mwacheni acheze, bibi. Mpira, kamba, abebe vitu vyepesi. Kitafunguka chenyewe.” Bibi akamwitikia, ingawa njiani hakusema neno.

Basi dawa ikawa kucheza. Kiwiko kilifunguka kwa rede na kwa kuruka kamba, na kwa kumbeba mdogo wake ambaye hatukumruhusu ambebe. Na siku moja akichambua mchele na bibi yake uani, aliokota chenga ya jiwe kwa ncha za vidole vile viwili, akaitupa, akaokota nyingine. Bibi ndiye aliyeona. Akaniita kwa sauti ya kunitisha, nikatoka mbio nikidhani ameanguka tena.

Kuhusu mwembe tulibishana kwa muda mrefu kuliko kuhusu kitu kingine chochote. Shemeji alikuwa tayari ameshaongea na mtu wa msumeno. Baba watoto akapendekeza yakatwe matawi ya chini tu, jambo ambalo mimi nililipinga zaidi, kwa kuwa watoto wangetafuta matofali ya kupandia na kuanzia juu zaidi. Mwishowe yaliondolewa matawi makavu. Lundo la matofali na mawe lililokuwa chini ya mti likahamishwa, udongo ukatifuliwa. Na kukawekwa mpaka: mwisho wa kupanda ni pale unapofika mkono wa baba yao akiwa amesimama, na gome likiwa limelowa hapandi mtu. Maembe ya juu ni ya ndege.

Kisha tukawaita watoto wa kikao kile, pamoja na mama zao waliokubali kuja. Tukawaambia: mtu akiumia, kazi ya kwanza ni kumwita mtu mzima yeyote aliye karibu. Anayeleta habari hapigwi. Aliyeumia hapigwi, hata kama alikatazwa kupanda.

Jirani yangu mmoja, ambaye namheshimu na amelea watoto wengi kuliko mimi, alikataa mbele yao. “Mtatuharibia watoto, mama. Mtoto asipoogopa atavunja shingo.” Hoja yake ina uzito na sikutaka kumjibu harakaharaka. Woga wa tawi ni mzuri, mtoto awe nao, na alioupata binti yangu utamtosha. Ninachokikataa mimi ni woga wa mama. Huo haumzuii mtoto kupanda, maana anapanda ukiwa sokoni. Unamzuia kuja kwako akishaanguka. Nilimwambia hivyo, naye akatikisa kichwa, tukaachana bila kukubaliana lakini bila kununiana.

Mvua zilikuwa bado hazijakatika mtoto wake alipokanyaga msumari kwenye nyumba inayojengwa nyuma yetu. Walikuja naye anachechemea, wamemshika huku na huku, binti yangu mbele yao anapiga kelele tangu kwenye uzio: “Mama! Kakanyaga msumari, una kutu, tumeuchukua, huu hapa!” Mama yake alikuwa mjini. Nilimkalisha kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikamwosha mguu kwa maji mengi na sabuni, nikampigia mama yake simu, akaniambia kadi ya chanjo iko chini ya godoro. Tukaichukua, tukaufunga msumari kwenye karatasi, tukaenda kutafuta sindano ya pepopunda.